Somo: Kuanzishiwa uchungu hospitali, hatua kwa hatua

Mama kijacho akiambiwa "wiki ijayo tunakuanzishia uchungu", mara nyingi anaondoka kliniki na picha moja kichwani: dripu asubuhi, mtoto jioni. Mimi mkunga naomba tuifute hiyo kwanza, maana huvunja watu moyo kuliko maumivu yenyewe. Kwa mimba ya kwanza ambayo njia bado imefunga, siku nzima inaweza kuishia kwenye kulainisha mlango wa kizazi tu. Siku mbili si ajabu.

Sababu zinazojulikana ni presha ya mimba, kisukari, chupa kupasuka bila uchungu kufuata, au mimba kupitiliza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aanzishiwe akitimiza wiki 41. Uliza yako ni ipi kabla hujaweka saini. Njoo na kadi ya kliniki pamoja na utrasaundi ya miezi ya mwanzo kama unayo, kwa sababu tarehe ya hedhi ikikosewa, hizo "wiki 41" zinaweza kuwa 38.

1. Kupimwa njia

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa. Tunatumia alama alizobuni daktari Bishop mwaka 1964: njia imefunguka sentimita ngapi, mlango umefupika kiasi gani, umelainika, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Mlango mgumu kidoleni ni kama ncha ya pua. Uliolainika ni kama mdomo. Alama zikiwa 6 au pungufu, dripu peke yake itakuchosha bure, lazima kulainisha kwanza. Kwa hiyo muulize anayekupima: "Njia yangu imekaaje?" Ni haki yako kujibiwa.

2. Kulainisha mlango

Dawa inayotumika sana ni misoprosto, tena kidogo mno: mikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa 2, au za kuwekwa ukeni kila baada ya saa 6. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, ndiyo maana utamwona nesi anakiyeyusha kwenye mililita 200 za maji, kisha anakupimia mililita 25. Usiseme umepewa maji matupu.

Wengine huwekewa mpira, ule ule wa kutolea mkojo. Unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, puto lake linajazwa maji, nalo linasukuma taratibu. Ukidondoka wenyewe usiogope, njia imeshafika sentimita 3 hivi.

Katikati ya hayo tembea, kunywa uji kama umeruhusiwa, na ulale. Usingizi wa usiku huo utauhitaji sana kesho yake.

3. Chupa na dripu

Njia ikikubali, chupa hupasuliwa. Halafu dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, huanza kwa matone machache na kuongezwa polepole, hadi upate uchungu mara 3 au 4 ndani ya dakika 10. Haiwekwi papo hapo baada ya kidonge. Ni lazima saa kadhaa zipite.

Uchungu wa dripu hupanda haraka, haukuzoeshi. Mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe mara kwa mara, kila nusu saa au hata kwa karibu zaidi ya hapo. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10 mtoto anaweza kuchoka, hivyo dripu hupunguzwa au kufungwa, na nguvu yake hushuka upesi. Ukiona hupati hata nafasi ya kuvuta pumzi kati ya uchungu na uchungu, ita nesi. Usijikaze ili usionekane msumbufu.

Maswali ya akina mama

*Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa kisu. Naweza kuanzishiwa?*

Kwa misoprosto, hapana: kovu la kizazi linaweza kuachia. Mpira hutumika kwa baadhi ya akina mama, ila katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari, na daktari ndiye anayeamua.

*Mama mkwe ameniletea dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Nichanganye?*

Usichanganye, dada. Dripu tunaweza kuifunga, ya kienyeji ikishaingia tumboni hakuna wa kuizima. Pokea kwa heshima, iweke pembeni. Kama umeshakunywa, mwambie nesi hata kama atagomba.

*Ni kweli kuanzishiwa huishia kwenye kisu?*

Kuna wanaoishia huko, hasa mimba ya kwanza yenye mlango mgumu. Lakini tafiti zilizolinganisha kuanzishiwa na kuendelea kusubiri baada ya mimba kukomaa zimeonyesha upasuaji ukipungua kidogo kwa walioanzishiwa, na vifo vya watoto pia.

*Nimepangiwa Jumatatu. Nikae tu nyumbani?*

Kaa, ila hesabu mtoto anavyocheza. Akipunguza kucheza, chupa ikipasuka, ukiona damu, au kichwa kikiuma huku macho yanaona ukungu, nenda saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa Jumamosi.