Kugawa diski unapoweka Linux pembeni ya Windows: patisheni gani uguse, gani uiache

Kwenye kuinstoli Linux skrini inayotisha ni moja tu, ile ya diski. Zingine zote, lugha, kibodi, saa, jina lako, ukikosea utarekebisha baadae ukiwa umekaa zako. Ya diski ukikosea mafaili ya miaka yote yameenda na maji, na ndo maana watu wakifika hapo wanabonyeza chaguo la juu kabisa huku roho iko mkononi. Sasa instola, ile programu inayoweka Linux, isipoiona Windows yako, chaguo la juu mara nyingi ndo lile la "Erase disk", yaani futa diski nzima na vyote vilivyomo.

Ila kazi yenyewe ya kuchagua patisheni, yaani kipande cha diski, haifanyikii hapo, inafanyikia ndani ya Windows kabla hata hujachomeka flashi yenye Linux. Ukifika kwenye instola uwe unajua tayari kipande chako ni kipi na kina ukubwa gani, umeandika kwenye karatasi kabisa, sio unaanza kukisia.

Bakapu kwanza. Kwenye diski ya nje, sio kwenye D ya diski hiyohiyo, maana wapo wanaohamishia mafaili D alafu wanasema wamefanya bakapu.

Ukimaliza bonyeza Windows na R, andika msinfo32, tafuta mstari ulioandikwa "BIOS Mode". Ukikuta UEFI, njia mpya ya kuwashia mashine, basi diski yako inatumia GPT, namna mpya ya kuorodhesha patisheni, na hizi ndo mashine nyingi za miaka ya karibuni. Ukikuta Legacy ni mfumo wa zamani, MBR, huo una masharti yake nitayasema huko chini. Kikubwa ni kwamba flashi ya Linux lazima uibuti, yaani uwashe mashine kutoka humo, kwa njia ileile Windows inayobutia. Windows ikiwa ya UEFI alafu wewe umebuti flashi kwa Legacy, Linux inaweza kuingia vizuri tu ila mifumo miwili haitaonana kwenye menyu ya kuwashia, utabaki unajiuliza umekosea wapi.

Alafu kuna BitLocker, kufuli la Windows la diski, na hapa usipite haraka. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja diski ikiwa imeshafungwa kwa ufunguo na mwenyewe hana habari. Fungua Command Prompt kama administreta, andika manage-bde -status, itakuambia. Ikiwa imewashwa, kabla ya kugusa chochote chukua ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, mara nyingi unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike mahali ambapo sio kwenye laptopu hiyohiyo. Ukibadili mambo ya kubuti Windows inaweza kukuomba zile tarakimu siku ya kwanza tu, na usipokuwa nazo mafaili yako yapo pale ila huyafikii. Mimi huwa naizima kabisa mpaka kazi iishe, nasubiri imalize kufungua diski nzima, inachukua muda lakini nakuwa na amani.

Zima pia "Fast Startup" kwenye mipangilio ya umeme, ile sehemu ya vitufe vya kuzimia. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima haizimiki kweli, inalala nusu na kuiacha C kama kitabu kilichofunguliwa katikati. Ukiwa Linux ukataka kuandika humo, ama utakataliwa utaishia kusoma tu, au ukilazimisha unaharibu mafaili.

Sasa kupunguza C. Fanya kwa kutumia Windows yenyewe, sio kwa instola, kwa sababu Windows ndo inayojua mafaili yake yamekaa wapi. Andika diskmgmt.msc, bonyeza kulia kwenye C, chagua "Shrink Volume". Itakuuliza upunguze MB ngapi, na hapa watu wanajichanganya: GB moja ni MB 1024, kwa hiyo ukitaka GB 80 unaandika 81920, ukitaka GB 100 unaandika 102400. Kile kipande kitakachotokea chenye rangi nyeusi juu kiache hivyohivyo. Usikifomati, usikipe herufi, usikifanye chochote.

Kuna wakati C ina nafasi GB 200 wazi na Windows inakuambia unaweza kupunguza GB 9 tu. Sio kwamba imeharibika, kuna mafaili yamekaa katikati ya diski na hayahamishiki Windows ikiwa inatembea, hasa pagefile.sys, hiberfil.sys na yale ya kurudisha mfumo nyuma. Zima haibaneti, ile ya kulala huku kazi zimehifadhiwa kwenye diski, kwa powercfg /h off, zima "System Protection" na pagefile (faili la kusaidia RAM) kwa muda, zima mashine uwashe upya, jaribu tena. Mara nyingi namba inapanda. Ukimaliza kupunguza rudisha pagefile na hiyo "System Protection".

Utoe kiasi gani? Hapa nina maneno yangu. Kwenye Linux yangu ya kwanza nilisoma mahali kwamba ruti, yaani / yenyewe, haihitaji kitu, nikaipa GB 15 na /home, yanapokaa mafaili yako mwenyewe, nikaipa GB 90 nikijiona fundi. Miezi michache mbele nikawasha mashine, naandika nywila, skrini inapepesa inanirudisha palepale kuandika nywila. Tena na tena. Kumbe ruti imejaa tii. Ilibidi nibonyeze Ctrl, Alt na F3 niingie kwenye skrini nyeusi, df -h ikanionyesha asilimia 100 kwenye / na kule /home asilimia 6, nikapiga sudo apt clean ndo nikapata pa kupumulia. Na kuipanua ruti haikuwezekana kirahisi, kwa sababu /home ilikuwa imeanzia pale pale ruti inapoishia, ilinibidi nibuti flashi niisogeze /home yote kwa GParted, programu ya kupanga patisheni, saa kadhaa naangalia mstari unajaa huku naomba umeme usikatike.

Kwa hiyo kama ndo unaanza, ushauri wangu ni patisheni moja tu ya ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, /, kila kitu humo. Ubuntu yenyewe inataka angalau GB 25, lakini hiyo ni ya kuingia tu, sio ya kuishi. Apdeti zinaacha kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, programu za Flatpak na snap zinakula, na ukija kuanza kutumia Docker ndo usiseme, vyote hivyo vinajaa ndani ya ruti. Chini ya GB 50 mimi siendi. Kutenga /home kuna maana kwa mtu anayebadilisha distro (aina ya Linux, kama Ubuntu au Mint) kila baada ya muda mfupi, anafomati ruti, /home inabaki na mafaili yake, na hata hapo nisingetenga kama nafasi yote haifiki GB 100. Zile chati za mitandaoni za patisheni saba, /tmp yake, /var yake, /usr yake, hizo ni za watu wa seva, waachie wenyewe.

Swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, nayo watu wanaibebea kanuni za zamani za RAM mara mbili. Siku hizi Ubuntu na Mint zinatengeneza faili la swapu lenyewe ndani ya ruti, Ubuntu ilianza hivyo toleo la 17.04, kwa hiyo huna haja ya patisheni ya swapu. Isipokuwa unataka Linux ihaibaneti, hapo tengeneza patisheni ya swapu isiyopungua RAM yako, RAM GB 16 swapu GB 16 au zaidi kidogo.

Haya, chomeka flashi, buti, endelea mpaka kwenye diski. Kwa Mint chagua "Something else", kwa Ubuntu mpya "Manual installation". Lile chaguo la kuiweka pembeni ya Windows lenyewe sio baya, kwa mwenye diski moja linafanya kazi vizuri tu, ila mimi napenda kuona ninachogusa.

Utaona orodha, kwenye laptopu ya kawaida ya UEFI inakuwa hivi. Mstari wa kwanza nvme0n1p1, fat32, kama MB 100 au 260: hiyo ni EFI, ndo mlango ambao mashine inaingilia, Windows na Linux watautumia wote wawili. Wa pili nvme0n1p2, MB 16, haina aina yoyote inayotambulika: ya Windows, iache. Wa tatu nvme0n1p3, ntfs, ndo kubwa kuliko zote: C yako. Alafu mstari wa "free space" wenye ukubwa uleule ulioandika kwenye karatasi, huo ndo wako na ni huo tu. Na mwisho nvme0n1p4, ntfs tena, MB mia tano mpaka elfu moja hivi: ya Windows kujirekebisha, iache. Kama diski yako ni ya SATA majina yatakuwa sda1, sda2 na kuendelea, na flashi yako nayo itakuwa sdb au hata sda, kwa hiyo usiamini jina, amini ukubwa. Ukiona orodha inaonyesha flashi peke yake na diski haionekani kabisa, kwenye baadhi ya mashine za Intel tatizo ni ile RAID au VMD, njia za Intel za kusimamia diski, kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe. Usikimbilie kubadili kwenda AHCI, ile njia ya kawaida, hivihivi maana Windows itagoma kuwaka, kwanza iambie Windows iwake kwa safe mode, ndo ubadili.

Bonyeza kwenye "free space", bonyeza alama ya kujumlisha, weka ukubwa, chagua ext4, na kwenye "Mount point", mahali patisheni itakapoonekana kwenye Linux, weka /. Imeisha. Sasa nenda kwenye ile EFI, hakikisha imewekwa itumike kama EFI, kwenye Ubuntu mpya utaona imeandikwa /boot/efi, na kile kiboksi cha kufomati KISIWE na tiki. Ukiifomati EFI umefuta kiwashio cha Windows, C ipo nzima na mafaili yote lakini hakuna wa kuiamsha, na utaanza kutafuta flashi ya Windows ya kuirekebishia. Tahadhari nyingine, distro zinazoweka kerneli ndani ya EFI yenyewe, kama Pop!_OS, MB 100 haziwatoshi, hapo katengenezee Linux EFI yake ya GB 1 ndani ya nafasi yako.

Wenye MBR sasa. Diski ya MBR inakubali patisheni kuu nne tu, na Windows peke yake inaweza kuwa imeshachukua tatu au hata nne. Ikiwa tatu, ya nne ifanye ya aina ya "extended" alafu ndani yake ndo utengeneze za Linux, zitaanzia sda5. Zikiwa nne tayari huna pa kuingilia, angalia ipi unaweza kuitoa, mara nyingi ni ile ya kiwanda iliyowekwa na watengenezaji, ila kabla ya kuitoa ifanyie bakapu. Na ukiwa Windows ukajaribu kuongeza ya tano ikakuambia inataka kuigeuza diski iwe "dynamic", kataa. Instola za Linux hazielewani na hizo.

Kabla ya kuandika chochote instola itakuonyesha orodha ya patisheni zitakazofomatiwa. Isome kama mkataba. Inatakiwa iwe na namba mpya tu, ambazo hazikuwepo. Ukiona p3 humo, au chochote cha ntfs, bonyeza kurudi nyuma, bado hakuna kilichofutwa.

Ukitaka sehemu ya kuchangia mafaili kati ya mifumo miwili, tengeneza patisheni ya NTFS ukiwa Windows, picha na miziki weka huko. Ila usithubutu kuiweka /home juu ya NTFS, ruhusa za mafaili za Linux hazikai humo vizuri na utapata vituko visivyoelezeka.

Mashine ikiwaka ikaenda moja kwa moja Windows kana kwamba hujafanya kitu, ingia BIOS upandishe Linux juu kwenye mpangilio wa kubuti. Ikienda Linux bila kukupa menyu yenye Windows, ni kwa sababu GRUB, ile menyu ya kuwashia ya Linux, tangu toleo la 2.06 haitafuti mifumo mingine mpaka uiambie: fungua /etc/default/grub, ongeza mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, alafu sudo update-grub. Na saa ya Windows ikianza kupishana masaa kila ukitoka Linux, ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, inamaliza huo ugomvi.