Somo: Gari lina miezi mitatu, ubavu umeliwa na geti

Wakuu, nilirudi nyuma usiku na geti langu mwenyewe likala mlango na fenda ya gari ambalo hata nailoni za viti sijatoa. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa sisi wa Tanzania.

1. Angalia bima yako. Ile ndogo (third party) humlipa uliyemgonga. Wewe huambulii kitu. Kama ni kubwa, inayolipia na gari lako, endelea.

2. Piga picha gari likiwa palepale, namba isomeke. Mkigongana na mtu, subirini trafiki apime. Bima wataulizia fomu za polisi za ajali: PF 90, PF 93 na PF 115.

3. Usikimbilie kwa fundi bodi. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Unaona aibu kuendesha gari jipya lenye kovu, jamaa wa mtaani anasema laki mbili tu, anapaka puti, rangi inakataa kufanana, na asesa (mkaguzi wa uharibifu anayetumwa na bima) akija hana cha kukagua. Ripoti kwanza, jaza fomu ya madai, alione na kidonda chake.

4. Piga hesabu. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unakubebesha mwenyewe. Kikiwa 500,000 na gereji wanataka 600,000, unapata laki moja na mwakani unapoteza punguzo la kutodai. Mimi nililipa mfukoni.

5. Raitofu (write-off), yaani bima kuamua gari halitengenezwi tena, unalipwa thamani yake. Gari haliandikwi hivyo kwa kuwa limepondeka, ila kwa kuwa kulitengeneza kumekaribia bei yake. Ndiyo maana jipya linaweza kwenda kwa pigo lisilotisha: taa, sensa za kwenye bampa, eabegi mbili zimefumuka, dashibodi ibadilishwe, na hapo chesisi haijapimwa. Kila kampuni ina kiwango chake. Wakikulipa, mabaki ni yao. Ukiyataka, wanakata thamani yake.

Halafu acheni kushusha thamani ili ada ipungue. Gari la milioni 30 ukiliandikisha 20, tengenezo la milioni 6 utalipwa 4.

Maswali

– Mkuu, nimelikatia milioni 40, sokoni ni 32. Likiwa raitofu nalipwa 40?
Kwa mikataba mingi, 32. Bima inakurudisha ulipokuwa, haikupi faida. Labda mkataba wako useme wazi kuwa thamani ilikubaliwa mapema.

– Kadi iko benki, mkopo bado.
Benki wanalipwa kwanza, kinachobaki ndicho chako. Deni likizidi fidia, utaendelea kulipia gari ambalo halipo.

– Wamenipa kiasi kidogo, wanataka nisaini leo.
Usisaini. Omba ripoti ya asesa, kusanya bei za magari kama lako, wajibu kwa maandishi. Wakigoma, nenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

– Na geti je, limepona?
Geti halina hata mkwaruzo, mkuu.