Somo: «esperar» ya Kihispania ni kusubiri, kutumaini au kutarajia?

Kila wiki naulizwa hili, na kila wiki naandika jibu lile lile. Leo naliweka lote hapa. Mwenzako akiuliza, mwelekeze huku.

Hatua ya 1. Andika maana zote tatu daftarini: kusubiri, kutumaini, kutarajia. Usikariri moja.

Hatua ya 2. Tazama kinachofuata. Kikiwa kitu au mtu, mara nyingi ni kusubiri: Espero el autobús, nasubiri basi. Mtu hutanguliwa na a: Espero a mi hermana, namsubiri dada yangu.

Hatua ya 3. Kikifuata kitenzi ambacho hakijanyambuliwa, ni kutumaini: Espero verte mañana, natumaini kukuona kesho.

Hatua ya 4. Hii someni polepole, ndipo nilipoharibu. Espero que llegue ni natumaini atafika. Espero a que llegue ni nasubiri mpaka afike. Tofauti ni herufi moja. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza watalii Arusha, familia moja ya Kihispania iliniandikia asubuhi: Esperamos a que baje mi madre. Ile a niliiruka. Nikaelewa wanatumaini tu kwamba mama atashuka, yaani safari bado haijaiva, nikaenda kujaza mafuta na kununua maji. Niliporudi baada ya dakika 40, bibi wa watu alikuwa amekaa juu ya begi getini, anajipepea kwa kofia. Alikuwa ameshuka zamani. Aliyesubiriwa sasa nilikuwa mimi.

Onyo: kwenye espera a que, zile a mbili huungana mdomoni, unasikia espera que. Ukiwa na shaka uliza: ¿Espero aquí? Nisubiri hapa?

Onyo jingine: baada ya que hizi, kitenzi hubadilika mwisho. Msiogope, mnalijua jambo hili tangu utotoni: baja ni anashuka, baje ni ashuke. Vitenzi vya -ar hugeuza a kuwa e, kama sisi. Vya -er na -ir huenda kinyume: come anakula, coma ale.

Hatua ya 5. Kutarajia: No esperaba tanta gente, sikutarajia watu wengi hivi. Está esperando un bebé ni mjamzito. Hata sisi husema anatarajia.

MASWALI

— Mkuu, nipe maana moja tu ya kukariri.
Hatua ya 1.

— Programu ya simu imetafsiri ile ya mama kuwa «tunatumaini atashuka». Somo lako lina kosa.
Somo halina kosa. Programu imeiruka a kama nilivyoiruka mimi. Soma sentensi yenyewe, kisha rudi hatua ya 4.

— Shikamoo mwalimu. Mgeni ameniandikia te espero a las ocho. Anatumaini nitakuja, au atanisubiri?
Marahaba, dada. Atakusubiri, maana te ni wewe mtu. Ila angalia saa: ocho yao ni saa mbili yetu, usiende saa nane. Muulize ni de la mañana, asubuhi, au de la noche, usiku.

— Kwa nini neno moja libebe kusubiri na kutumaini?
Swali zuri. Asili yake ni Kilatini sperare, kutumaini, na anayesubiri huwa bado anatumaini kitu kitakuja. Kireno nacho kina esperar hiyo hiyo, waulizeni jirani zetu wa Msumbiji. Majina ndiyo yaliyogawana: espera ni kusubiri, ndiyo maana hospitalini kuna sala de espera, esperanza ni tumaini.

— Yule bibi alikasirika?
Alinyamaza mpaka Karatu. Nilipomwomba radhi, alinitamkisha a que, a que, mpaka akaridhika.

— Nikitaka kusema nimesubiri kwa muda wa saa mbili?
Llevo dos horas esperando. Hiyo llevar kwa kawaida ni kupeleka, kubeba, hata kuvaa. Hapo inahesabu muda. Nayo inataka somo lake, nipeni hadi Jumapili.