Kabla hujamtumbukiza bata mzinga kwenye mafuta

Jamani sikukuu hizo zinakuja na naona hapa Tanga watu wengi saivi wanataka kumkaanga bata mzinga mzimamzima, kama wanavyofanya Marekani kwenye sikukuu yao ya Novemba, na kweli anatoka mtamu, ngozi kavu, nyama laini. Ila kabla hujaenda kununua mafuta naomba tuongelee maji, maana maji ndo yanaunguza watu.

Mafuta yanatakiwa yafike kama nyuzi 175 hivi, wakati maji yanachemka kwa 100 tu, kwaiyo maji yakizama mle yanageuka mvuke papohapo na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji, ndo unaona mafuta yanaruka. Uliyenunua wa friza, bata wa kilo 5 anataka siku 3 kwenye friji barafu ya ndani iishe. Sisi tunaochinja nyumbani hatuna barafu ila tunamwagia maji ya moto kumnyonyoa, afu tunamwosha weee, na maji yanajificha kifuani kwa ndani, chini ya mabawa na kwenye mikunjo ya mapaja. Mimi namsimamisha kwenye sinia, uwazi wa tumbo uangalie chini, yachuruzike mpaka yakome, ndo nampangusa kwa taulo safi nje na ndani. Ukimpaka ndimu na kitunguu swaumu, pangusa tena. Na usimshindilie wali tumboni.

Kipimo cha mafuta kifanye siku moja kabla. Muweke bata kwenye sufuria, mimina maji yamfunike kidogo tu, mtoe, pale maji yaliposhuka piga alama, hapo ndo mwisho wa mafuta, na kutoka alama mpaka mdomo wa sufuria ibaki nafasi ya kiganja. Nilikuwa kwenye shughuli moja Makorora mpishi akajaza kwa macho, bata alivyoingia mafuta yakafurika yakashuka kwenye mkaa, moto ukapanda mpaka ukalamba miti ya banda, na kijana mmoja mbio na ndoo ya maji, nikamdaka mkono. Moto wa mafuta haumwagiwi maji jamani!! Unafunikwa na mfuniko wa chuma, au mchanga, kwaiyo mfuniko na ndoo ya mchanga viwe pembeni kabla hujawasha.

Kwa sababu hiyo mkaa siushauri kwa kazi hii, hauzimiki. Gesi unaizima, unamshusha bata taratibuuu, akitulia unawasha tena. Jiko likae nje, mbali na banda na watoto, na Desemba kaskazi inavuma, simama upande upepo unakotoka.

Mafuta chukua yaliyosafishwa. Alizeti ya kukamuliwa mtaani ile nzito ni nzuri kwa mboga lakini inatoa moshi mapema. Hesabu dakika 7 mpaka 8 kwa kilo, na nunua kipimajoto cha nyama, ndani ya paja isome 74. Rangi ya nje inadanganya.

Sasa, lita 12 za mafuta huwezi kumwaga, ni hela. Acha yapoe kabisa, hata mpaka kesho yake, usibebe sufuria ya moto. Chuja kwa kitambaa safi mara mbili, maana ule ungaunga mweusi wa chini ndo unaoharakisha kuyaharibu, weka kwenye dumu lenye mfuniko, mahali pa giza. Yaliyokaangia changu yabaki ya samaki, usiyalete kwenye mandazi. Na tabia ya kuongezea mapya juu ya yaliyochoka tuiache, yale ya zamani yanayaharibu mapya. Mara tatu nne inatosha, ila yakiwa meusi, yakitoa povu lisilokata au moshi kabla hayajapata moto vizuri, yaache hata kama ni mara ya pili. Usimwage kwenye sinki wala mtaroni, changanya na majivu mpaka yanyonywe, tia kwenye mfuko, peleka jalalani.