Somo: Kutafuta mshipa mchepushi wa ini kwa mbwa kwa altrasaundi

Mbwa mdogo amedumaa, anadondokwa mate, na muda mfupi baada ya kula nyama anazungukazunguka au anasimama amekandamiza kichwa ukutani. Wengi wetu hukimbilia kifafa au sumu. Nawaomba mlikumbuke ini. Damu itokayo utumboni hupita kwenye mshipa wa lango hadi kwenye ini ikachujwe amonia, sumu itokanayo na protini. Mbwa huyu amezaliwa na mshipa unaoichepusha damu hiyo hadi vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kabla haijachujwa. Kwa jamii ndogo kama Yorkshire Terrier na Maltese, mshipa huo kwa kawaida uko nje ya ini. Kwa wakubwa kama Irish Wolfhound uko ndani, na mara nyingi ni ule mrija aliokuwa akiutumia akiwa tumboni mwa mama, ambao ulipaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa.

Hatua ya 1. Afunge kula, ila kitoto chenye kilo mbili kisikae na njaa muda mrefu, sukari itashuka. Mimi huwapima wakiwa macho, mwenye mbwa ameshika kichwa, kwa sababu dawa za usingizi hukawia kutoka kwenye miili yao.

Hatua ya 2. Mlaze ubavu wa kushoto, nyoa ubavu wa kulia hadi karibu na uti wa mgongo, paka jeli ya kutosha. Proba (kile kichwa cha mashine unachokishika) ipite katikati ya mbavu za mwisho. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanapima kwa chini ya tumbo, wanakutana na gesi, wanaandika "haukuonekana". Ini la mbwa huyu ni dogo, limejificha chini ya mbavu, kwa hiyo lifuate hukohuko. Ukikata picha ya kukingama utaona duara tatu: aota (mshipa mkuu utoao damu moyoni) karibu na uti wa mgongo, inadunda, kisha vena kava, kisha mshipa wa lango. Usikandamize, vena hubonyea upesi na vipimo vitakudanganya.

Hatua ya 3. Pima upana wa mshipa wa lango unapokaribia kuingia ini, gawanya kwa upana wa aota. Lango 2.5 mm kwa aota 4.6 mm ni 0.54. Ukipata 0.65 au chini, shuku sana. Ukipata 0.8 au zaidi, mchepushi wa nje ya ini ni vigumu kuwepo. Kwa ule wa ndani ya ini uwiano huu hausaidii.

Hatua ya 4. Washa Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu, ufuate vena kava kutoka figo ya kulia hadi kwenye ini, polepole. Kipande hicho hakipaswi kupokea mshipa wowote mnene. Ukiona mshipa uliojipinda unaingia, na pale unapoingia bluu na nyekundu zinavurugika na kuchanganyika na njano, umeupata. Usipouona, fuata aota hadi kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, huenda mshipa huo umepanda kifuani.

Malizia figo, ambazo mara nyingi huwa kubwa, na kibofu. Tafuta humo mawe ya urati (chumvi ya asidi ya yuriki), ambayo mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida.

Maswali ya wanachama

*Daktari, mashine yangu haina Dopla.*
Pima uwiano, tafuta mshipa kwa picha ya kijivu, kisha pima asidi za nyongo kwenye damu kabla ya kula na saa mbili baadaye.

*Nimekuta maji tumboni na mishipa mingi midogo iliyojipinda.*
Hiyo ni habari nyingine, ndugu yangu. Shinikizo la mshipa wa lango limepanda na mwili umejifungulia njia. Usiifunge mishipa hiyo kamwe, ndiyo inayomwokoa. Tafuta chanzo ndani ya ini.

*Sikuona kitu. Nimwambie mama mwenye mbwa kuwa ni mzima?*
Hapana. Niliwahi kusema hivyo, mbwa akarudi baada ya wiki tatu akiwa hajitambui. Asidi za nyongo zikiwa juu, mrudie siku ambayo gesi ni kidogo, au mpeleke penye CT (eksirei ya vipande kwa kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Wakati huohuo mwanzishie laktulosi, dawa ya kupunguza amonia.