Kupima choo kujua mapema saratani ya utumbo mpana: sampuli isiharibiwe na joto la Lamu

Kipimo cha FIT hutafuta globini ya damu ya binadamu ndani ya kinyesi, damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Hakihitaji kufunga wala kuacha nyama. Adui yake ni joto: globini huvunjika, na choo chenye damu kikaleta jibu la "hakuna". Miezi ya kaskazi ndiyo mibaya zaidi.

Kwa hiyo panga safari kwanza. Uliza maabara wanapokea siku gani na saa ngapi. Mtu wa Faza au Siyu apige hesabu ya maji pia, kwani boti ikingoja maji yajae pale Mkanda, sampuli nayo inangoja juani. Ichukue asubuhi ya siku unayoipeleka. Itie kwenye kopo lenye kifuniko, uizungushie kitambaa isigusane na barafu, kisha uiweke ndani ya kiboksi cha baridi.

Kwa choo cha kuchutama, kojoa kwanza. Weka chombo kipana, safi na kikavu, ujisaidie humo; mkojo na maji visiguse kinyesi. Kuchamba ni baadaye. Fungua chupa ya kipimo, ukichome kinyesi kwa kijiti kilichomo mahali panne au patano tofauti. Inatosha vile vifereji vya kijiti vikijaa. Wengi hudhani kingi ndiyo bora, kumbe kikizidi kinaharibu kipimo. Rudisha kijiti, funga kabisa, tikisa, uandike jina, tarehe na saa. Maji yaliyomo chupani yasimwagwe, ndiyo yanayohifadhi damu.

Mwanamke aliye hedhini asubiri siku tatu baada ya kutwahirika. Bawasiri zikivuja, subiri zikome.

Kipimo hiki ni cha mtu wa miaka 45 na kuendelea asiye na dalili, kila mwaka. Anayeona damu chooni, anayekonda au aliyepungukiwa damu bila sababu asipoteze muda nacho, amwone daktari.

Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu polipu, vile vinyama vinavyoota utumboni, havivuji damu kila siku. Seli za utando wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na kila nakala ya DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ni nafasi ya kosa. Mara nyingi jeni APC huharibika kwanza, kisha KRAS, kisha TP53. Mpaka saratani huweza kupita miaka 10. Lakini katika takriban asilimia 15 ya saratani hizi, kilichoharibika ni ule mfumo wenyewe wa seli wa kusahihisha makosa hayo. Aliyerithi kasoro hiyo, iitwayo Lynch, polipu yake hugeuka kwa miaka michache tu. Huyo FIT haimtoshi. Anahitaji kolonoskopi, yaani kutazamwa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera, kila mwaka mmoja au miwili tangu ujanani. Ulizeni nyumbani nani aliugua saratani ya utumbo au ya mfuko wa uzazi kabla ya miaka 50.

Jibu likiwa "ipo", usirudie FIT ukitafuta jibu zuri. La pili halifuti la kwanza. Nenda kolonoskopi, hata kama una bawasiri.

Huko kipande cha nyama ya utumbo kikikatwa ili kupimwa, kitiwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, si kwenye maji. Ikithibitika ni saratani, mwombe daktari ipimwe protini za ule mfumo wa kusahihisha makosa, yaani MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, na nakala ya majibu ibaki nyumbani, maana watoto na ndugu wa mgonjwa wataihitaji.