Namna ya kuchora ukoo wa figo kabla ya kwenda kliniki

Ripoti ya skani ikisema figo ya mtoto imetanuka, ama moja haionekani, wazazi wengi huniuliza kwanza kipimo cha jeni kinafanyiwa wapi. Mimi huwapa penseli. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Kisumu, na nimeona karatasi zilizochorwa nyumbani, huko Siaya au Nyando, zikimwambia daktari mambo ambayo mashine haikumwambia. Kipimo cha jeni ni ghali, sampuli nyingi husafirishwa nje ya nchi, na maabara yenyewe itataka kujua ukoo huo huo.

Lakini kabla ya kuchora, soma ripoti yenyewe. Tafuta milimita: upana wa mfuko wa figo unaokusanya mkojo. Kabla ya wiki ya 28 ya mimba, chini ya milimita 4 si tatizo. Kuanzia wiki ya 28, chini ya 7. Ikizidi kidogo, mara nyingi hurudi sawa yenyewe, basi usikeshe ukilia. Kisha angalia kama ni figo moja au zote mbili, kama maji ya mtoto yamepungua, na kama ukuta wa kibofu ni mnene. Mtoto akiwa wa kiume, figo zote mbili zimetanuka na kibofu ni kinene, weka penseli chini. Huenda kuna kikunjo cha ngozi kinachoziba njia ya mkojo, na mtoto huyo azaliwe penye daktari wa watoto na uwezo wa upasuaji, si kwa mkunga wa kijijini. Kuanzia kama mwezi wa tano, maji yanayomzunguka mtoto tumboni ni mkojo wake kwa sehemu kubwa, na bila maji hayo mapafu hayakui.

Sasa, kwa nini nakusumbua na wajomba na mashangazi? Kwa sababu ya namna figo inavyoanza. Wiki ya tano hivi ya mimba, kichipukizi hutoka kwenye mrija mdogo na kuelekea kwenye tishu iliyo jirani. Tishu hiyo hutoa protini iitwayo GDNF, na kichipukizi kina kipokezi chake kiitwacho RET. Ni kama boda na abiria pale Kondele: huyu asipopiga honi au yule asiposikia, safari haipo. Wakielewana, kichipukizi huingia na kugawanyika matawi, tena na tena, na kila ncha ya tawi huiamsha tishu itengeneze vichujio. Kufikia wiki ya 36 kazi imeisha. Vichujio ulivyozaliwa navyo, takriban milioni moja kwa kila figo, kwa wengine pungufu sana, ndivyo utakavyotumia maisha yote.

Mazungumzo hayo husimamiwa na jeni kama PAX2, HNF1B, EYA1, SIX1 na SALL1. Na hizi jeni hazifanyi kazi kwenye figo peke yake. PAX2 iko pia kwenye jicho, EYA1 kwenye sikio na shingo, HNF1B kwenye kongosho. Ndiyo maana dalili ya figo ya mjukuu inaweza kuwa imekaa kwenye sikio la nyanya.

Haya, chora. Chukua karatasi kubwa, mbele na nyuma ya kalenda ya zamani inafaa. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari wa kulala kati yao ni wazazi, mstari wa kushuka ni watoto, kutoka kifungua mimba hadi kitinda mimba. Aliyefariki mkate kwa mstari wa mshazari. Mwenye shida unayoijua mpake rangi. Anza na mtoto wako chini kabisa, panda hadi kwa babu na nyanya wa pande zote mbili. Pande zote mbili, nasema, maana akina baba wengine huja na ukoo wa mke pekee, umepakwa rangi vizuri, na upande wao ni mweupe kama kanzu ya Idi.

Nyumba zetu za huku zina jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilikumbuki. Kama babu alikuwa na wake, chora kila nyumba kivyake: ya mikayi (mke wa kwanza), ya nyachira (wa pili), na kuendelea. Watoto wa nyumba mbili wamechangia baba tu. Ugonjwa ukionekana katika nyumba zote mbili, macho yanaelekea kwa babu. Ukibaki nyumba moja, tunamuuliza mama wa nyumba hiyo. Na wale mnaowaita ndugu, uliza kama ni wa tumbo moja au ni watoto wa baba mdogo. Tena kuna watoto waliozaliwa baada ya mjane kurithiwa, wakaandikwa kwa jina la marehemu. Kwa heshima ya boma waache kwa jina hilo mezani, halafu mwambie muuguzi faraghani ni damu ya nani. Sisi hatutangazi.

Usiulize, "Kwetu kuna ugonjwa wa figo?" Utajibiwa hapana, na kila mtu atarudi kwenye chai yake. Uliza vitu ambavyo watu huona kwa macho. Nani alivimba miguu na uso kabla ya kufa? Nani alienda dialisisi? Nani ana presha tangu ujana, au alianguka ghafla damu ikavuja kichwani? Hapo tunawaza uvimbe wa maji kwenye figo, ule wa jeni ya PKD1 au PKD2, ambao kwa kawaida hujitokeza ukubwani. Nani alipata sukari kabla ya miaka 30 bila kuwa mnene? Nani haoni vizuri tangu utotoni? Mtoto yupi alizaliwa bila njia ya haja kubwa, au na vidole gumba visivyo vya kawaida? Nani alikuwa na homa za mara kwa mara utotoni zilizoitwa malaria kila mara? Nani alipoteza mtoto siku ya kuzaliwa, kwa sababu hakuweza kupumua? Swali hili la mwisho muulize nyanya, yaani dani au kukhu, mkiwa wawili tu, jikoni, na usimharakishe.

Wazee watataja chira, laana ya kuvunja mwiko. Mimi sibishani nao, naomba majina tu. Mtu anayekumbuka kwamba "chira ilichukua wavulana watatu wa boma lile" ameshanipa miraba mitatu ya kupaka rangi.

Mama mmoja kutoka upande wa Vihiga alileta karatasi safi kabisa. Mtoto wake alikuwa na figo moja. Nikamuuliza kuhusu masikio, akasema hakuna shida, huku akisogeza kitambaa kichwani. Mbele ya sikio lake la kulia, pale ngozi inapokutana na shavu, palikuwa na kijitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano. Nikamgeuza mtoto: kijitundu, pale pale. Kisha akakumbuka kaka yake, ambaye walimu walimpiga miaka yote kwa ukaidi. Hakuwa mkaidi, hakuwa anasikia. Kijitundu peke yake si kitu, watu wengi wanacho na figo zao ni nzima. Kijitundu, uziwi na figo katika ukoo mmoja, hapo tunaifikiria EYA1, na mtoto anapimwa usikivu kabla hajachelewa kuongea.

Ukimaliza, tazama mchoro. Rangi ikishuka kutoka mzazi hadi mtoto bila kuruka kizazi, kila mimba ina nafasi ya nusu. Ikiwa wazazi ni wazima na watoto wawili wa tumbo moja wameathirika, huenda kila mzazi amebeba nakala moja yenye kasoro, na nafasi ni robo kwa kila mimba, hata kama mmeshapata wawili wagonjwa. Lakini figo hazifuati mstari ulionyooka. Jeni ile ile yaweza kumnyima mmoja figo, ikampa mwingine uvimbe mdogo, na wa tatu asijue chochote hadi anazeeka. Kasoro nyingine huanza kwa mtoto mwenyewe. Na kwa watoto wengi jeni moja ya kulaumiwa haipatikani kabisa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza itumie kwenye skani ya tumbo kwa wazazi na ndugu wa tumbo moja. Mkojo ukirudi juu kutoka kibofu kwa mtoto mmoja, kama robo ya ndugu zake huwa nao pia.

Kwenye mimba yenyewe, andika pembeni ya mchoro dawa alizotumia mama: enalapril na losartan za presha huumiza figo za mtoto, na ibuprofen au diclofenac hazifai kuanzia wiki ya 20. Sukari isiyodhibitiwa pia iandike.

Mtoto mwenye figo zote mbili akizaliwa moja ikiwa imetanuka, skani ya kwanza isubiri saa 48 zipite, maana kichanga huwa mkavu na figo hudanganya. Yule wa kiume mwenye kibofu kinene hasubiri. Karatasi ikunje ndani ya kijitabu cha Mama na Mtoto, na uipige picha kwa simu. Homa isiyoeleweka, mkojo upimwe kabla ya antibiotiki. Mwenye figo moja apimwe presha na protini ya mkojo kila mwaka, asipewe dawa za miti shamba wala za maumivu ovyo, na mwache acheze mpira na wenzake.